Antena na Spika za Kinyozi

Kila alipotoka shule, Antena alipita kwanza chumba cha uani kabla hata ya kuvua viatu. Humo ndimo babu yake alimoshinda tangu alipostaafu kazi ya kuendesha mashine katika kiwanda cha nguo. Chumba hakikuwa na kitanda wala kiti cha mgeni. Kilikuwa na meza ndefu iliyoungua hapa na pale kwa chuma cha kulehemu, na rafu zilizojaa redio za zamani, amplifaya zenye maboksi ya mbao, na spika za kila umbo. Nyingine zilikuwa zimetafunwa na panya, nyingine zimekaa matumbo wazi zikisubiri zamu yao. Babu hakufanya biashara. Alizitengeneza kwa sababu alipenda, na kwa sababu ilimuuma kuona kitu kilichotengenezwa vizuri kikitupwa.

Antena halikuwa jina lake la shuleni. Babu ndiye aliyembandika jina hilo kwa jinsi masikio yake yalivyokuwa makali. Mama akinong'ona jikoni, yeye yuko uani na ameshajibu.

"Mtoto huyu ukitaka kumficha siri," mama alipenda kusema, "uhame mtaa kwanza."

Lakini ilikuwapo siri moja ambayo Antena aliijua na mama hakuijua. Masikio ya babu yalikuwa yakipungua. Antena aliligundua hilo siku alipomkuta babu ameinama mezani akifanya kazi, huku redio moja ikivuma mvumo mkali uliomfanya yeye azibe masikio. Babu hakuwa na habari. Alipoambiwa, aliizima haraka, akatazama mlangoni kama mtu aliyefumaniwa.

"Mama yako asijue," alisema. "Akijua, atanikokota hospitali, na huko wataniambia niache kazi hii. Tufanye hivi, mjukuu wangu: mimi nitakuwa mikono, wewe utakuwa masikio. Hili libaki letu."

Antena alikubali, tena kwa furaha. Nani asiyependa kuwa masikio ya babu yake?

Siku moja kinyozi wa mtaa, rafiki wa babu tangu ujana wao, alileta spika mbili kubwa zenye maboksi meusi ya mbao. Spika hizo zilinunuliwa na kaka yake, enzi ambazo ndugu hao wawili walifungua saluni yao. Kaka mtu alisimama kwenye kiti cha kulia, mdogo mtu kwenye kiti cha kushoto, na santuri zikipigwa kutwa nzima. Sasa kaka alikuwa amefariki dunia. Tangu mazishi, mlango wa saluni ulikuwa haujafunguliwa.

"Nikiifungua ikiwa kimya, nitashindwa," kinyozi alisema. Alikuwa amesimama kizingitini, hataki kuingia wala kuondoka. "Marehemu alikuwa hashiki mkasi kabla ya muziki. Nitengenezee hizi tu, ndugu yangu. Nikizisikia tena kama zamani, labda nitapata nguvu ya kuanza."

Babu alimshika bega. "Niachie. Zitaimba."

Walipozifungua, waliona tatizo mara moja. Ukingo wa sponji unaozunguka karatasi ya spika ulikuwa umeoza. Antena alipougusa, ulivunjikavunjika ukawa unga mweusi mikononi. Babu alikuwa na kingo mpya za kipimo hicho, lakini kuzibandika ndiko kulikotaka akili. Nyuma ya karatasi ya spika kuna koili, yaani waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kwenye bomba fupi. Koili hiyo hucheza ndani ya mwanya mwembamba wa sumaku bila kugusa popote. Ukingo ukibandikwa upande hata kidogo tu, koili hugusa chuma na kuanza kukwaruza. Ikikwaruza sana hupata moto, ikaungua.

Mafundi wengine hukata kifuniko cha duara kilicho katikati ya karatasi, wakaingiza vipande vya plastiki vya kuishikilia koili mpaka gundi ikauke. Babu hakutaka kusikia habari hiyo.

"Karatasi hii ina umri mkubwa kuliko mama yako," alisema. "Ukiipitishia kisu, ndiyo basi."

Yeye alitumia vidole na sikio. Alipaka gundi isiyokauka haraka, akaweka ukingo, kisha akaibonyeza karatasi taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, chini, juu, chini, juu. Zamani alikuwa akiinamisha sikio lake mwenyewe. Sasa aliyeinama alikuwa Antena.

"Inakwaruza?"

"Haikwaruzi, babu. Safi."

Spika ya kwanza ilikubali bila matata. Ya pili ilikuwa na kichwa kigumu. Babu alibonyeza, Antena akasikia mkwaruzo, babu akabandua ukingo, akafuta gundi kwa spiriti na kuanza upya. Akabonyeza tena. Ilikwaruza tena. Babu hakulalamika, ila alijinyoosha mgongo akiwa ameushika kwa mkono, akapaka gundi mara ya tatu.

Wakati huo huo rafiki yake Antena, msichana mrefu ambaye shule nzima ilimwita Ngazi, alikuwa getini akipiga kelele. "Wewe Antena! Mechi inaanza! Tutacheza pungufu?"

Ilikuwa mechi ya mpira wa pete dhidi ya mtaa wa pili, na Antena ndiye aliyekuwa mfungaji wao. Viatu alikuwa ameshavaa tangu zamani.

"Sikiliza vizuri," babu alisema, akabonyeza. "Inakwaruza?"

Antena aliinama. Aliusikia. Ulikuwa mkwaruzo mdogo, kama ukucha unaopita juu ya nguo, upande mmoja tu karatasi ikishuka. Mdogo sana, alijiambia. Nani atausikia muziki ukipigwa? Na babu mwenyewe amechoka, mgongo unamuuma. Heri apumzike.

"Haikwaruzi," alisema. "Safi, babu."

"Una hakika?"

"Kabisa."

Babu alitabasamu, akaifunika spika kwa kitambaa ili gundi ikauke. Antena alitoka mbio. Siku ile walishinda mechi, na Ngazi akambeba mgongoni mpaka nyumbani.

Jumamosi iliyofuata, saluni ilifunguliwa. Kinyozi alikuwa ameipiga rangi upya. Kiti cha kulia alikifunika kwa shuka nyeupe, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Wateja wa siku nyingi walikuja wamevaa vizuri, wakapeana mikono kwa sauti za chini. Babu alivaa koti lake la heshima. Spika zilikaa juu ya rafu zake za zamani, zimepakwa vanishi, zinang'aa.

Kinyozi aliiweka santuri ambayo kaka yake aliipenda kuliko zote, akashusha sindano. Muziki ulianza polepole, sauti ikiwa chini. Watu walitikisa vichwa. Kinyozi alijifuta macho kwa taulo la begani.

"Ongeza, mzee!" mmoja akasema. "Marehemu hakuwa akiusikiliza kwa kunong'ona!"

Kinyozi akaongeza. Hapo ndipo spika ya kushoto ilipoanza kukwaruza.

Kwanza ilikuwa kidogo. Kisha kila gitaa la besi lilipopigwa, spika ilitoa sauti mbaya, krr, krr, krr, juu ya sauti ya mwimbaji. Watu walitazamana. Kinyozi alikunja uso. Lakini babu alikuwa amesimama katikati ya chumba, amefumba macho, anatabasamu na kupigapiga mguu sakafuni. Hakuwa akiusikia mkwaruzo. Chumba kizima kilikuwa kikiusikia isipokuwa yeye.

Antena, aliyekuwa kando yake, alitamani ardhi ipasuke immeze. Alitaka kumvuta babu koti, lakini mkono haukuinuka. Moshi mwembamba ulitoka nyuma ya boksi, harufu ya kuungua ikajaa, na spika ya kushoto ikanyamaza.

Babu alifumbua macho. Aliona nyuso za watu kwanza, kisha moshi.

"Imekwaruza?" aliuliza. Akaisogelea spika. "Imekwaruza muda mrefu?"

"Si neno, ndugu yangu," kinyozi alisema kwa upole, akaondoa sindano. "Vitu vya zamani hivi."

Karibu na mlango mtu mmoja alimwambia mwenzake, "Mzee wa watu kachoka. Angepumzika tu sasa." Babu hakumsikia. Antena alimsikia vizuri sana.

Kinyozi hakunyoa mtu siku ile. Aliwashukuru watu kwa kuja, akafunga mlango. Babu aliibeba spika iliyoungua mikononi hadi nyumbani, akakataa kusaidiwa.

Tangu siku hiyo babu alibadilika. Alikula kwa shingo upande, akiulizwa jambo anajibu kwa neno moja. Jioni alikaa uani akiigeuza mikono yake, kiganja juu, kiganja chini, kama anakagua kitu alichouziwa kibovu. Kisha akaanza kupanga vifaa vyake kwenye maboksi.

"Baba, unafanya nini?" mama aliuliza.

"Nafunga kazi, binti yangu. Mikono hii imekwisha. Nimemwaibisha rafiki yangu siku ambayo hakustahili kuaibishwa. Nimeongea na yule mnunuzi wa vyuma chakavu, atakuja kubeba kila kitu."

"Kwa spika moja tu?"

"Fundi asiyejua kuwa amekosea, si fundi tena."

Antena alisikia yote hayo akiwa chumbani kwake, na kitabu cha hesabu kilikuwa wazi mbele yake bila kusomwa. Alijua mikono ya babu haikukosea. Mara tatu iliuliza, na mara ya tatu yeye ndiye aliyeijibu uongo. Aliogopa kusema. Akisema, babu atajua kuwa mjukuu aliyemwamini alimuuza kwa ajili ya mechi. Tena atalazimika kuitoa siri ya masikio. Kila asubuhi aliamka akijiambia kuwa leo atasema, na kila jioni alilala hajasema. Hamu ya chakula ilimtoka. Hata Ngazi alimwuliza kama ni malaria.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja Jumamosi iliyofuata na mkokoteni na mizani. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye maneno mengi. Alizitazama sumaku, akazigonga kwa ukucha, akasifu uzito wake. Kwake yeye spika zote zilikuwa kilo. Aliichukua ile ya kinyozi iliyoungua, akaitupa juu ya mkokoteni, na boksi likalia kwa kishindo.

Antena alipiga moyo konde, akasimama mbele ya mkokoteni.

"Babu, niliusikia," alisema.

"Nini?" Babu aligeuza kichwa.

"Mkwaruzo. Niliusikia."

"Sema kwa nguvu, mjukuu wangu. Umesikia nini?"

Antena alitazama pande zote. Mnunuzi alikuwa akimtazama. Jirani alikuwa akianika nguo ng'ambo ya ukuta. Mama alikuwa dirishani jikoni. Antena alitamani anong'one, lakini babu hawezi kunong'onezwa.

"Nilikudanganya!" alipaza sauti. "Uliniuliza kama inakwaruza nikasema haikwaruzi! Ilikuwa inakwaruza, babu! Niliusikia mkwaruzo, nikakudanganya kwa sababu nilitaka kwenda kwenye mechi! Mikono yako haina kosa! Kosa ni langu!"

Jirani alisimama na nguo mkononi. Antena alikuwa akilia waziwazi, kamasi na machozi pamoja, na hakujali tena nani anamwona.

Babu alikaa juu ya boksi taratibu. Kisha akamwambia mnunuzi, "Shusha vitu vyangu, ndugu. Nisamehe kwa kukusumbua."

"Aa, mzee! Nimeshapima!"

"Shusha."

Mama alikuwa ameshatoka jikoni, mikono imejaa povu la sabuni. "Baba, kwa nini ulikuwa ukimwuliza mtoto? Wewe mwenyewe husikii?"

Babu alitazama chini kama mwanafunzi aliyekutwa nje ya darasa.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu kiwandani, polepole. Siku hizi ndiyo imezidi."

Mama alitaka kufoka, ikaonekana usoni, lakini alipomwona babu alivyojikunja pale juu ya boksi, hasira ilimwisha. Alijifuta mikono kwenye kanga, akaketi karibu naye.

"Njoo hapa," babu alimwambia Antena. Antena alisogea akitazama miguu yake. "Umeniumiza. Sitakuficha hilo. Ungeniambia inakwaruza, ningeguna kidogo, nikafuta gundi, nikaanza upya. Ningepoteza jioni moja tu. Uliponiambia safi, rafiki yangu alipoteza siku yake, na mimi nikapoteza imani na mikono yangu mwenyewe. Wiki nzima nimeitazama kama mikono ya mtu mwingine. Unaelewa?"

"Naelewa, babu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini na mimi nina langu." Alimtazama mama, kisha akamrudia Antena. "Nilikutwika mzigo usio wa mtoto. Nilikufundisha kumficha mama yako jambo la afya yangu, halafu nashangaa umejifunza kuficha. Nisamehe na wewe."

Antena hakuwahi kuombwa radhi na mtu mzima. Alimkumbatia tu, na shati la babu likalowa machozi.

Jumatatu mama alimpeleka babu hospitali. Daktari wa masikio alimpima, akasema kelele za mashine zilikuwa zimeharibu usikivu wake kwa miaka mingi, na kwamba angekuja mapema wangemsaidia mapema. Hakumkataza kazi yake. Alimwandikia kifaa cha kuvaa sikioni, lakini ilimpasa asubiri mpaka kipatikane, na hakingerudisha kila kitu.

"Hiki ndicho nilichokuwa nakiogopa?" babu alisema walipokuwa wakirudi. "Mtu hujitisha mwenyewe bure."

Kazi ya spika ilianza upya. Babu aliibandua karatasi kwa spiriti mpaka ikatoka nzima, koili yake ikiwa nyeusi kama mkaa. Aliondoa waya ulioungua, akaanza kuzungusha mwingine mpya, mzunguko kando ya mzunguko, bila kuacha nafasi wala kupandisha waya juu ya waya. Antena alishika taa. Aliitazama ile mikono. Haikutetemeka hata mara moja.

Ulipofika wakati wa gundi, babu alibonyeza na kuuliza, naye Antena akainama.

"Inakwaruza, babu."

Walibandua. Wakarudia.

"Bado. Upande wa juu."

Wakarudia tena. Ngazi alikuja getini akaita, akaambiwa leo haiwezekani, akaenda zake akinung'unika. Antena alisikia nyayo zake mpaka zikapotea, kisha akainama tena juu ya spika. Iliposikika kuwa safi, hakusema haraka. Alimwomba babu abonyeze mara nyingine, na nyingine, ndipo akasema.

Kabla ya kuifunga spika mahali pake, walimwendea kinyozi. Antena alimweleza mwenyewe alichofanya, amesimama wima. Kinyozi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikasirika siku ile," alisema hatimaye, "ila sikujua nimkasirikie nani, nikamkasirikia marehemu kwa kuniacha. Afadhali umesema, mwanangu. Sasa nimeelewa."

Siku ya pili ya kufungua saluni hapakuwa na wageni wengi. Walikuwapo babu, mama, Antena na wateja wachache ambao nywele zao zilikuwa zimerefuka, hawawezi kungoja zaidi. Kinyozi alishusha sindano, akaongeza sauti. Muziki ulijaa chumba mpaka vioo vikatikisika. Baadhi ya watu walimtazama babu kwa wasiwasi.

Kinyozi alimgeukia. "Unaonaje, fundi? Ziko kama zamani?"

Babu angeweza kusema ndiyo. Kila mtu alitarajia aseme ndiyo. Badala yake aliweka mkono begani kwa Antena.

"Mimi masikio yangu yamekwisha nusu, ndugu yangu, na nimechoka kuficha. Muulize huyu. Yeye atakwambia kweli."

Nyuso zote zilimgeukia Antena. Alifumba macho, akasikiliza spika ya kulia, kisha ya kushoto. Hakuharakishwa na mtu.

"Haikwaruzi," alisema. "Ila sauti ya kushoto ni nzito kidogo kuliko ya mwenzake. Haiko kama zamani kabisa. Koili yake ni mpya."

Kinyozi alizitazama spika mbili, kisha akakitazama kiti kilichofunikwa shuka. Machozi yalimshuka bila kuyafuta.

"Mimi pia siko kama zamani," alisema. "Tutazoeana."

Babu aliinama karibu na Antena. "Umeona? Kweli imempa rafiki yangu kitu cha kushika. Uongo ungempa sherehe tu. Ukiombwa masikio yako, mjukuu wangu, toa kile ulichokisikia, si kile ambacho mtu angependa kukisikia."

Kinyozi alikung'uta taulo, akavuta kiti cha kushoto, akamwita babu akae awe wa kwanza kunyolewa.